'Na', 'Kwa' na 'Ya': Tahakiki ya Viunganishi na Vihusishi katika Usemi wa Malindi na Kilifi

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuhakiki namna vitabu vyetu vya sarufi, hasa vile vinavyotumiwa shuleni, vinavyoeleza viunganishi na vihusishi vya Kiswahili, na namna maneno ya aina hizo mbili yanavyokutana katika sentensi moja. Mifano yetu imechotwa katika usemi wa kawaida wa mwambao wa Kenya, kuanzia Mtwapa, kupita Takaungu na Kilifi, hadi Malindi na Mambrui. Tumechagua usemi wa sokoni, wa nyumbani na wa vikao vya ukoo kwa kuwa ndiko lugha inakofanya kazi yake bila kusimamiwa na mwalimu.

Hoja yetu ni mbili. Kwanza, mpaka uliowekwa baina ya kiunganishi na kihusishi ulikuja na sarufi ya Kiingereza, na haukupimwa vya kutosha dhidi ya Kiswahili chenyewe. Pili, Kiswahili kina mipaka yake yenyewe, iliyo wazi na yenye nguvu, ambayo vitabu hivyo haviionyeshi. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi anaadhibiwa pale alipo sawa, na mwandishi wa barua rasmi anasifiwa pale alipokosea.

2. Kisa cha jibu moja

Katika miaka ya mwisho ya mtihani wa KCPE, uliofanywa kuanzia 1985 hadi 2023, niliombwa na mwalimu mmoja wa Kilifi nimsaidie kusahihisha mazoezi ya darasa lake. Swali moja liliwataka wanafunzi waeleze neno 'na' ni la aina gani katika sentensi hii:

(1) Kadzo alitumwa sokoni na mamaye.

Mwongozo wa kusahihishia ulitaka neno moja tu: kihusishi. Wanafunzi wengi waliandika kiunganishi wakakosa. Mmoja aliandika maneno ambayo sijayasahau. Alisema kwamba hawezi kujibu mpaka aambiwe kama mama ndiye aliyemtuma Kadzo, au kama wote wawili walitumwa na mtu mwingine. Mwalimu alimpa sufuri, akaandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba hakujibu swali. Nami, kwa haya ya ugeni na kwa kuheshimu mwongozo, niliinyamazia sufuri ile.

Mtoto yule alikuwa ndiye pekee katika darasa zima aliyeichambua sentensi. Aliona kwamba ina maana mbili, kwamba maana hizo zinatofautiana katika uhusiano wa 'mamaye' na kitenzi, na kwamba aina ya neno haiwezi kuamuliwa kabla ya uhusiano huo kujulikana. Mwanaisimu hangesema zaidi. Tahakiki hii, kwa sehemu kubwa, ni deni ninalolilipa kwa kuchelewa.

3. Mpaka ulikotoka

Si ajabu kwamba suala hili linazuka Kilifi, kwa maana sarufi ya Kiswahili iliyochapishwa ilianzia karibu na hapo. J. L. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwaka 1846, yeye na mwenzake Rebmann walianzisha kituo cha misheni Rabai, mahali ambapo leo ni sehemu ya Kaunti ya Kilifi. Sarufi yake ilichapishwa mwaka 1850, ikaeleza Kiswahili kwa kukilinganisha na lugha ya Kimijikenda. Baada yake Edward Steere, huko Unguja, alitoa kitabu chake cha mwaka 1870. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipoichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930, njia ya Steere ndiyo iliyoshika.

Wataalamu hao walifanya kazi kubwa, na si nia yetu kuwalaumu. Walikuja na makabati tayari: kabati la nomino, la kitenzi, la kihusishi, la kiunganishi. Walichokikuta wakakigawa humo. E. O. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, alijaribu kutoka katika mtindo huo. Alitaka mwanafunzi aanze na dhana inayobebwa na kipande cha neno, si na jina la kabati lake. Lakini vitabu vya shule vilivyofuata, hasa baada ya Kiswahili kufanywa somo la lazima na la kutahiniwa katika mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, vilirudi kwenye makabati. Mtoto wa Kenya hufundishwa aina nane za maneno, naye hutakiwa kuzitaja kama anayetaja siku za juma.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba wenye makabati wenyewe wameanza kuyavunja. Mwaka 1924 Otto Jespersen alieleza kwamba neno la Kiingereza 'after' ni neno lile lile, ama lifuatwe na nomino, ama lifuatwe na sentensi nzima. Kinachobadilika ni kijalizo chake tu. Kama kitenzi hakibadiliki aina kwa kufuatwa na nomino hapa na sentensi pale, kwa nini neno hilo ligawanywe mara mbili? Huddleston na Pullum, katika sarufi yao kubwa ya Kiingereza ya mwaka 2002, waliifuata hoja hiyo, wakaviingiza viunganishi vingi vya vishazi tegemezi katika kundi la vihusishi. Basi sisi tunaendelea kulinda ukuta ambao jirani aliyetujengea ameshaanza kuubomoa kwake.

4. 'Na': neno moja, kazi nyingi

Tuchukue sentensi hizi:

(2a) Kazungu na Kahindi walikwenda Watamu.
(2b) Kazungu alikwenda Watamu na Kahindi.
(2c) Kazungu aliitwa na Kahindi.

Vitabu husema kwamba 'na' ya (2a) ni kiunganishi, na ya (2b) na (2c) ni kihusishi. Tuziweke nafsi mahali pa nomino:

(3a) Nami nilikwenda Watamu.
(3b) Kazungu alikwenda nami.
(3c) Kazungu aliitwa nami.

Umbo ni moja tu. Mwingereza hubadilisha kiwakilishi baada ya kihusishi, hivyo ana sababu ya kuona aina mbili. Kiswahili hakimpi msemaji wake sababu hiyo. 'Nami', 'nawe', 'naye', 'nasi' hutumika ama katika kuongeza, ama katika kuandamana, ama katika kumtaja mtenda.

Ushahidi mkubwa zaidi uko katika sentensi ambayo husikika kila siku Malindi, na kwingineko pia:

(4) Tulikwenda na Kazungu.

Muulize msemaji walikuwa watu wangapi. Mara nyingi atajibu: wawili, mimi na Kazungu. Kiambishi 'tu-' kimemhesabu Kazungu pamoja na msemaji, kana kwamba sentensi ni 'Mimi na Kazungu tulikwenda'. Lakini 'na Kazungu' imekaa baada ya kitenzi, mahali pa kirai kihusishi. Kwa hesabu ya watu ni kiunganishi. Kwa mahali pake ni kihusishi. Mwenye kabati atalitia wapi? Sentensi hii si kosa wala si ya mitaani tu. Wazee wenye Kiswahili fasaha huitumia bila kusita.

Hata hivyo haki yataka tutaje upande wa pili. Pana jaribio moja linalotenganisha matumizi haya, nalo ni urejeshi. Twaweza kusema 'mtu niliyekwenda naye', kutokana na (2b). Lakini hatuwezi kumtoa Kahindi peke yake katika (2a) tukamfanya kichwa cha urejeshi, na Kazungu abaki akining'inia na 'na' yake. Kwa hiyo tofauti ipo. Ila tofauti hiyo ni ya muundo wa sentensi. Haimo ndani ya neno 'na'. Neno lina maana moja ya kuandamanisha, na mahali linapowekwa ndipo panapoamua kama vinavyoandamana ni nomino mbili, au nomino na tendo. Swali la haki kwa mwanafunzi, basi, si kuuliza 'na' ni neno la aina gani, bali kuuliza linahusisha nini na nini.

Kuhusu (2c) kuna jambo la kieneo linalofaa kuzingatiwa. Katika mashairi ya kale ya pwani ya kaskazini, mtenda wa kitenzi cha kutendwa huja mara nyingi baada ya 'ni', si baada ya 'na'. Matumizi kama hayo yamo katika Kimijikenda pia. Nurse na Hinnebusch, katika utafiti wao wa mwaka 1993, wameziweka Kiswahili na Kimijikenda katika kundi moja la Kisabaki, pamoja na Kipokomo na lugha za Komoro. Hivyo ukoo huo si wa kushangaza. Msemaji mwenye 'ni' hapati utata wa sentensi (1), kwani 'ni mamaye' ni aliyetuma, na 'na mamaye' ni aliyetumwa pamoja naye. Kiswahili sanifu kimeipoteza tofauti hiyo. Mtoto wa Kigiriama anapoandika 'alitumwa ni mamaye', mwalimu ana haki ya kumwonyesha kwamba Kiswahili sanifu husema 'na'. Hana haki ya kumwambia kwamba amevuruga lugha. Amekuja na umbo ambalo washairi wa Kiswahili walilitumia.

5. 'Kwa' inapounganisha, 'baada' inapokataa

Ikiwa 'na' huvuka mpaka kutoka upande wa viunganishi, 'kwa' huuvuka kutoka upande wa pili:

(5) Wazee kwa vijana walihudhuria mazishi.

Hapa 'kwa' haionyeshi chombo, wala mahali, wala namna. Inaunganisha nomino mbili ziwe kiima kimoja, na kitenzi kinapatana na zote mbili. Inaongeza pia maana ambayo 'na' haina: kwamba hakuna kundi lililobaki nyuma. Kwa kila kipimo cha kitabu hiki ni kiunganishi, lakini katika orodha za viunganishi vya shule mara chache utaikuta.

Maneno ya wakati yanatufundisha somo jingine. Kiingereza huweza kuliweka neno 'after' mbele ya nomino au mbele ya sentensi yenye kitenzi kamili. Tutazame 'baada':

(6a) Baada ya mvua, barabara ya Marafa haikupitika.
(6b) Baada ya mvua kunyesha, barabara ya Marafa haikupitika.

Hata pale tunapotaja tendo zima, 'baada' haiachi 'ya' yake. Ni tendo linalolazimika kuvaa umbo la kitenzi-jina ili likae baada ya 'ya'. Neno hili lilitoka katika Kiarabu, na huko halihitaji kiungo cha namna hii. Huandamana na nomino moja kwa moja. Watu wa pwani walipolipokea walilifanya nomino ya Kiswahili, wakalipa 'ya' kama walivyozipa 'ndani', 'juu' na 'mbele'. 'Kabla' nayo ilipewa 'ya', lakini ikabaki na mlango wa pili:

(7a) Kabla ya kufika Mambrui, gari liliharibika.
(7b) Kabla hatujafika Mambrui, gari liliharibika.

Katika (7b) 'kabla' inafuatwa na kitenzi kamili, tena katika hali ya kukanusha, kwa sababu wakati huo kufika kulikuwa bado. Mwanafunzi anayefikiri kwa Kiingereza huandika 'kabla tulifika', na mwalimu humsahihisha bila kumweleza sababu. Sababu ni kwamba Kiswahili hakikuyatenga matukio haya kwa aina za maneno. Kilitumia njia zake chenyewe: 'ya' na kitenzi-jina upande mmoja, '-ja-' ya ukanushi upande wa pili.

'Sababu' ni vivyo hivyo. Twasema 'kwa sababu ya mvua' na 'kwa sababu mvua ilinyesha'. Anayezitia hizi mbili katika makabati mawili anasahau kwamba 'sababu' ni nomino katika zote, na 'kwa' ni ile ile. Tofauti ni kuwapo au kutokuwapo kwa 'ya', na 'ya' haipo kwa kuwa sentensi kamili haina haja ya kumilikiwa.

6. Viunganishi vinapokutana na virai vihusishi

Sasa tufike kwenye kiini cha suala: kiunganishi kinapounganisha virai vihusishi viwili, ni lini kihusishi hurudiwa, na ni lini virai viwili huweza kugawana kijalizo kimoja?

6.1 Kurudia na kutorudia

Tulinganishe:

(8a) shamba la Kazungu na Kahindi
(8b) shamba la Kazungu na la Kahindi

Katika (8a) shamba ni moja na wenyewe ni wawili kwa ushirika. Katika (8b) mashamba ni mawili, kila mtu na lake. Kipande kidogo 'la', kikirudiwa au kisiporudiwa, kinaamua urithi. Wala si katika umilikaji tu. Ukiandika barua 'kwa mjomba na kwa shangazi' watu watafikiri barua mbili. Ukiandika 'kwa mjomba na shangazi' moja yatosha.

Upatanisho wa ngeli huongeza nguvu ya jambo hili kuliko inavyowezekana katika Kiingereza:

(9a) minazi na shamba la baba
(9b) minazi na mikorosho ya baba
(9c) minazi ya baba na shamba lake

Katika (9a) 'la' inapatana na 'shamba' tu. Msomaji makini hawezi kudai kwamba minazi pia ni ya baba. Maneno hayakusema hivyo. Katika (9b) nomino zote mbili ni za ngeli moja, na 'ya' yaweza kuzichukua zote au ya mwisho peke yake. Katika (9c) hakuna utata wowote.

Mfano huu sikuuchagua kwa kupamba makala. Katika pwani yetu mnazi na ardhi unaposimama si lazima viwe vya mtu mmoja; mtu aweza kuuza minazi akabaki na ardhi, au akawa na minazi juu ya ardhi ya mwenzake. Tangu Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908, iliyotaka madai ya ardhi yaandikishwe katika ukanda wa maili kumi wa pwani, wenyeji wengi wa Kimijikenda walijikuta wakiishi juu ya ardhi wasiyokuwa na hati nayo. Kwa watu kama hao, karatasi ya kuuziana iliyoandikwa kwa Kiswahili mbele ya mashahidi wawili imekuwa, mara nyingi, ndiyo kinga pekee. Nimesoma karatasi za namna hiyo. Zile za zamani, zilizoandikwa na watu ambao hawakusoma sarufi shuleni, hurudia 'ya' na 'la' bila kuchoka: minazi ya fulani, na shamba la fulani, na kisima cha fulani. Vijana wetu waliosoma huona marudio hayo kuwa ushamba, wakayafupisha kwa kuiga mtindo wa Kiingereza ambao hutosheka na kihusishi kimoja. Wanapofupisha, wanafungua mlango wa kesi. Marudio yale hayakuwa ushamba, bali ulinzi.

6.2 Kugawana kijalizo

Upande wa pili ni pale ambapo maneno mawili hugawana kijalizo kimoja:

(10a) ndani na nje ya ukumbi
(10b) kabla na baada ya vita vya mwaka 1914
(10c) *kwa na dhidi ya hoja hii
(10d) *kwa na kwa niaba ya familia
(10e) *pamoja na au bila ya hati

Sentensi (10a) na (10b) zinakubalika, na baadhi ya wahariri wanaozipinga kwa kudai kwamba ni Kiingereza kilichotafsiriwa wanakosea. Zinakubalika kwa sababu inayotokana na Kiswahili chenyewe: 'ndani', 'nje', 'kabla' na 'baada' zote hufanya kazi kama nomino, zote hupatana na 'ya', hivyo 'na' inaunganisha nomino mbili zinazomilikiwa na kitu kimoja, kama tunavyosema 'mikono na miguu ya mtoto'. Wasemaji wa lahaja za kaskazini, wanaosema 'nde' kwa 'nje' na 'yuu' kwa 'juu', hufuata kanuni hiyo hiyo. Sauti zimebadilika, upatanisho umebaki.

Lakini (10c), (10d) na (10e), ambazo tunazikuta sana katika barua rasmi, katika fomu na katika matangazo, hazina msingi huo. 'Kwa' haiwezi kukaa peke yake ikingoja kijalizo kilichoko mbele ya safari, kwani si nomino. Ni kiungo '-a' kilichovikwa 'ku-', na kiungo hakiachwi bila cha kukiunga. Mwandishi amechukua mifupa ya Kiingereza akaivika nyama ya Kiswahili. Jambo la kusikitisha ni kwamba mtindo huu hutazamwa kuwa wa kisomi.

Usemi wa kawaida una suluhisho zake, nazo ni fasaha kuliko za ofisini. Kwa (10c) watu husema 'wanaoiunga mkono hoja hii na wanaoipinga'. Kwa (10d) husema 'kwa niaba yangu na ya familia', na hapo tena tunaona marudio ya 'ya' yakifanya kazi yake. Kwa (10e) husema 'mwenye hati na asiye nayo'. Nauli nayo huitwa 'ya kwenda na kurudi Malindi', kwa vitenzi viwili vilivyofuatana kama safari yenyewe, wala hakuna haja ya vihusishi viwili vinavyopingana. Kila mara Kiswahili kinapokosa njia ya kuunganisha vihusishi vitupu, hurudi kwenye kitenzi, kwenye urejeshi, au kwenye nomino. Huo si upungufu. Hiyo ndiyo sarufi yake.

6.3 Kurundika

Mwisho ni pale maneno haya yanapofuatana: 'kutoka kwa', 'mpaka kwa', 'hadi kwenye'. Mirundiko hii inakubalika, kwani kila neno lina mzigo wake: 'mpaka' inaonyesha kikomo, na 'kwa' inaonyesha kwamba kikomo hicho ni makao ya mtu. Lakini 'katika shuleni' na 'kwenye nyumbani' hazikubaliki, maana '-ni' imeshabeba mzigo ambao 'katika' inataka kuubeba. Kigiriama nacho kina '-ni' hii; 'mudzini' ni nyumbani au kijijini. Mtoto wa Kilifi, basi, ana '-ni' kutoka nyumbani kwa lugha zake mbili. 'Katika' ya kosa hili ameipata shuleni, anapozoezwa kutafuta neno moja la Kiswahili kwa kila kihusishi cha Kiingereza. Mvuvi asemaye 'natoka baharini', 'naenda baharini' na 'niko baharini' ameuachia uwezo wa kuonyesha mwelekeo kwa kitenzi, nalo neno 'baharini' halikubadilika hata herufi moja. Mwalimu amwambie mwanafunzi hivyo, na kosa litaondoka lenyewe.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba maneno 'na', 'kwa' na 'ya' hayakubali kugawanywa katika makabati mawili kwa kutazamwa yakiwa peke yake. Kwamba hata sarufi ya Kiingereza imeanza kuuacha mgawanyo huo. Na kwamba mipaka halisi ya Kiswahili iko katika upatanisho, katika kitenzi-jina, katika urejeshi, na katika kurudia au kutorudia kiungo.

Hatupendekezi kwamba majina 'kiunganishi' na 'kihusishi' yafutwe. Yanafaa kutaja kazi. Tunapendekeza mambo matatu. Mosi, watungaji wa vitabu na mitihani waache kuuliza aina ya neno kama 'na' bila kuuliza linahusisha nini na nini, na wakubali jibu linalotambua utata pale utata ulipo. Pili, mazoezi ya shule za pwani yatumie usemi wa wanafunzi, pamoja na Kimijikenda, kama chanzo cha ushahidi, wala si kama orodha ya makosa. Tatu, wanaofundisha uandishi wa kazi rasmi wafundishe tofauti ya (8a) na (8b) kabla ya kufundisha anwani na salamu za barua, kwa sababu barua isiyo na anwani nzuri haimpotezei mtu shamba lake.

Wenzetu watakaoona kwamba tumeipa 'na' umoja zaidi ya inavyostahili wanakaribishwa kujibu. Jaribio la urejeshi tulilolitaja katika sehemu ya nne ndilo silaha yao kali, na tungependa kuona likipimwa katika lahaja nyingine. Ama yule mwanafunzi wa Kilifi, jibu lake lilistahili alama zote. Kosa lilikuwa katika swali, na waliolitunga swali ni sisi.